Mama ametoka eda, benki bado wamekalia hela za marehemu

Wakuu, nimetoka benki sasa hivi, naandika nikiwa kituo cha daladala na hasira zangu zote. Nikiteleza mtanisamehe.

Mzee wetu, mwalimu mstaafu, alifariki mwezi wa pili. Tukafuata kila tulichoelekezwa: kikao cha ukoo, muhtasari ukasainiwa, mimi nikapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Cheti cha kifo cha RITA kikapatikana. Mahakama ya Mwanzo nikajaza Fomu Namba 1 ya kuomba usimamizi, tangazo likabandikwa, siku zikaisha bila pingamizi, na mwezi wa tano hakimu akaniteua na kunipa Fomu Namba 4, ile barua ya usimamizi. Nikajua kazi imeisha. Kumbe!

Safari ya kwanza benki nimekaa na namba yangu mkononi toka saa tatu mpaka saa saba. Meneja akaichukua Fomu Namba 4, akainyanyua kwenye mwanga kama anakagua noti ya elfu kumi, akasema muhuri haujakolea. Haujakolea! Sasa wino wa mahakama ukipauka ni mimi niende dukani kununua? Nikarudi mahakamani, karani akagonga mwingine huku anacheka.

Safari ya pili, jina. Kwenye akaunti mzee ni Hamisi, kwenye cheti cha kifo ni Khamis. Picha iliyo kwenye mfumo wao ni yake, namba ya NIDA ni ileile, na meneja huyohuyo alikuwa akimwamkia "shikamoo mwalimu" kila alipokwenda kuchukua pensheni. Haikusaidia. Wakili, hati ya kiapo, hela ikanitoka.

Safari ya tatu: "Faili liko makao makuu, kitengo cha sheria, utapigiwa." Hii ni wiki ya tisa. Nikipiga mwenyewe huduma kwa wateja, kijana ananiambia kwa taratibu zao lazima aongee na mwenye akaunti. Nikamwambia mwenye akaunti yuko makaburini, akaniomba nisubiri kwenye laini.

Sasa hapa ndipo paliponibana. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa arudishe mahakamani Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni ya marehemu. Mwezi huu ndio wa mwisho. Kwenye mstari wa benki niandike nini? Salio hawanitajii, eti siri ya mteja mpaka makao makuu waidhinishe. Hakimu anataka tarakimu, benki wameikalia, na atakayeitwa kujieleza ni mimi. Baba mdogo naye kila jioni simu: "Mwanangu, vile vihela vimetoka?" Anauliza kwa upole, lakini najua nyumbani wanasema nini. Wanadhani nimeshazila.

Kilichonipandisha leo ni hiki. Simu ya mzee anayo mama. Kila mwezi inaingia meseji ya benki: wamekata gharama za uendeshaji wa akaunti (salio halimo, msije mkaniuliza). Mwezi wa tatu wamekata, wa nne wamekata, mpaka juzi wamekata. Nikamwonyesha meneja. Akajibu, "Huo ni mfumo, unakata wenyewe." Yaani sisi tukitaka hela, mwenyewe kafa, tulete vithibitisho. Wao wakitaka hela, mteja yu hai na wala hawahitaji muhuri uliokolea! Na angekuwa anadaiwa mkopo, hawa wangetukuta kwenye hitma.

Mama alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, akatoka. Anasubiri thumni yake, fungu lake la mirathi, aezeke jiko kabla vuli haijaanza. Hajaomba msaada wa mtu, anaomba haki yake.

Leo nimepeleka barua ya malalamiko, nikagoma kuondoka mpaka wagonge "imepokelewa" kwenye nakala yangu. Wakinyamaza, naipeleka Benki Kuu, kwenye dawati la malalamiko. Aliyewahi kufika huko aniambie, walimpokea bila jibu la maandishi la benki? Na Fomu Namba 5, kuna aliyeomba hakimu amwongezee muda kwa sababu ya benki akakubaliwa? Alikwenda na ushahidi gani mkononi? Jumatatu asubuhi niko mahakamani.