Washiriki wananyamaza katika mafunzo ya mtandaoni: nifanyeje?

Mkufunzi_Mazao
Wadau, habari za kazi. Ninawafundisha maafisa ugani kuhusu sumukuvu (sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka zisizokauka vizuri) kwa njia ya Zoom, na kila nikimaliza kipengele na kuuliza kama kuna mwenye swali, ninakutana na kimya, kamera zote zikiwa zimezimwa. Ukumbini watu hawa hawa huchangia hadi muda unatuishia. Je, niwalazimishe kuwasha kamera?

Bi_Nuru
Usiwalazimishe, ndugu yangu. Video hula bando, na wengi hulinunua kwa fedha zao. Tena Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika makala yake ya mwaka 2021, alitaja kujitazama muda wote kwenye skrini kuwa miongoni mwa mambo yanayochosha katika vikao vya aina hii. Kasoro naiona kwenye swali lako. "Kuna mwenye swali?" humtaka mtu awashe kipaza sauti na kukiri mbele ya wenzake kwamba hakuelewa. Uliza jambo linalojibika kwa neno moja kwenye gumzo (sehemu ya kuandika ujumbe, yaani chat): "Wakulima wako huanika mahindi wapi: chini, kwenye turubai au kwenye kichanja?" Yasome majibu kwa sauti, mtaje aliyeandika, kisha mwombe mmoja afafanue.

Mzee_wa_Ghala
Nami naongezea: punguza slaidi. Badala ya kuwasomea aya nzima kuhusu unyevu, chukua chupa kavu, tia mahindi hadi theluthi moja pamoja na vijiko vichache vya chumvi kavu, itikise mbele ya kamera, kisha iache itulie kwa robo saa. Waulize: chumvi itaganda kwenye kuta za chupa au la? Ikiganda, unyevu unazidi takriban asilimia 15, na mahindi hayo bado hayafai kuwekwa ghalani. Hiyo robo saa wape wabishane. Maafisa ugani ninaowajua hawanyamazi mbele ya mahindi.

Mkufunzi_Mazao
Ahsanteni sana. Sasa nani atafuatilia gumzo wakati ninafundisha?

Bi_Nuru
Tafuta mwenzako akusaidie. Kama akaunti yako ni ya kulipia, mpe uenyeji mwenza (co-host) ili awaingize wanaochelewa na kuzima vipaza sauti vilivyosahauliwa wazi (jogoo wa jirani hajui adabu ya kikao). Akaunti ya bure haina nafasi hiyo, na kikao chake hukatika baada ya dakika 40, hivyo ligawe somo mapema.