Amekata springi, kisha ananiambia gari langu lina pepo!

Wakaaji wenzangu wa Lubumbashi, fundi huyu mnamjua, sina haja ya kumtaja: ni yule ambaye akishika msumeno, hata tembo hutoka gereji akiwa na kimo cha mbuzi. Nilimwomba ashushe gari kidogo tu. Akakata springi za mbele mpaka bampa inafagia barabara, na za nyuma hakuzigusa. Tangu hapo breki ya dharura inajifunga yenyewe nikikaribia tuta, na taa ya onyo haizimiki. Nilipomrudishia, akaniambia mbele ya wateja wote: «Papa, gari lako lina pepo, lipeleke kwa mchungaji.» Kwa mchungaji!

Breki hiyo huongozwa na rada na kamera zinazotazama barabara: rada ya gari langu iko mbele, nyuma ya nembo, na kamera iko juu, nyuma ya kioo. Zote mbili zilipangwa kiwandani kwa kufuata kimo na mwelekeo wa gari. Pua ikiinama nyuzi 1 tu, kufikia mita 100 mbele rada inakuwa imelenga chini kwa karibu mita 1.7, basi inatazama lami badala ya lori. Ukishusha gari, vifaa hivyo hupimwa na kupangwa upya kwa mashine na ubao maalumu. Yeye ananitajia mchungaji, na wateja wanacheka!

Dereva wa Likasi: Pole, ndugu. Ila mtu anayeshusha gari katika mji wenye mashimo haya, mchungaji aanze na yeye mwenyewe.

Mama Kampemba: Mimi huyo huyo alinibadilishia kioo cha mbele, akaibandika kamera kwa gundi, ikakaa upande. Sasa kila inapoona mstari mweupe, usukani unanivuta kuelekea mtaroni.

Mwenye uzi: Mama, wewe angalau hukutajiwa mchungaji mbele ya watu.

Mzee wa Katuba: Afadhali ninyi. Jirani yangu ameshushiwa nyuma peke yake, na kile kipima kimo kinachoelekeza taa kikavunjwa hapo hapo, kwa hiyo kila usiku taa zake zinatupiga machoni hadi sebuleni.

Dereva wa Likasi: Mama Kampemba, alitumia gundi gani? Kamera yangu imedondoka leo asubuhi.