Tandberg Huldra 8 ya valvu au Huldra 9 ya transista: ipi ya kununua?

Mwambao_Oslo: Wakuu, hapa Oslo zinauzwa mbili, zote redio za mezani za mbao za Tandberg, kampuni ya Norwe. Nataka ya kusikiliza kila siku, si pambo. FM ya kitaifa ilizimwa 2017, kwa hiyo nitaiunga na boksi la DAB (redio ya kidijiti). Ipi haitanisumbua?

FundiValvu: Kwa utamu wa sauti, 8. Ila kama imelala miaka, usiichomeke moja kwa moja. Iunge mfululizo na balbu ya nyuzi ya wati 60. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, zima, kuna shoti.

Ugonjwa mkubwa wa redio za valvu ni kapasita zinazopeleka sauti kwenye valvu za mwisho. Zikivuja, umeme wa DC (mkondo wa moja kwa moja) unafika kwenye gridi, yaani mguu wa valvu unaopokea sauti, valvu inavuta mkondo kupita kiasi na inaweza kuondoka na transfoma ya kutolea sauti. Ukikuta EL84 (aina ya valvu ya mwisho), pima pini ya 2, ambayo ndiyo gridi, hadi chasi (fremu ya chuma): isome karibu 0. Ikisoma chanya, zima, chomoa valvu, washa upime tena. Volti zikibaki, kapasita ndiyo mbovu. Zikitoweka, shuku valvu. Weka kapasita ya filamu ya thamani ileile, 630 V. Ndani mna volti zaidi ya 200, na kapasita za chujio hubaki na chaji hata ukishazima. Maliza chaji hiyo kwa rezista kabla ya kugusa. Na usiiwashe kamwe bila spika.

Lehemu: Mkuu, huyu kasema ya kila siku. 9 haina joto la valvu na inalia papo hapo. Kinachoisumbua ni uzee: mvumo unatokana na kapasita za elektrolitiki zilizokauka, na sauti ya upande mmoja ikipotea, anza na swichi na potentiometa (vitasa vya sauti) kabla ya kushuku transista. Pulizia dawa ya kusafishia kontakti kisha zungusha mara 20 hivi. Usitumie mafuta ya kulainishia, yananasa vumbi. Zikiwemo transista za AF114 hadi AF117, nyuzi za bati huota ndani na kugusa kopo lake. Kukata mguu wa ngao (uliounganishwa na kopo) mara nyingi huzifufua.

Kipaza: Kwenye DAB: tumia soketi ya tepu, ile ya duara ya pini tano iitwayo DIN. Pini 2 ni ardhi, 3 kushoto, 5 kulia. Usiingie soketi ya gramafoni ya sumaku, sauti itakwaruza. Plagi ya spika: pini bapa ni hasi, ya duara ni chanya. Ukigeuza upande mmoja, besi inakonda.

Mwambao_Oslo: Na vituo vya mtaa vilivyobaki FM?

FundiValvu: Hapo muulize muuzaji kuhusu dekoda, sehemu inayotenganisha stereo ya FM. Kwenye redio za mwanzo wa miaka ya 60, "stereo" inaweza kuwa ya amplifaya tu, na FM ikabaki mono. Kama huna multimita wala fundi wa karibu, nakubaliana na Lehemu: chukua 9.