Naomba ushauri: kung'oa mikilifi na kupanda miti ya mbega karibu na Kaya Kinondo

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Shamba letu liko jirani na Kaya Kinondo, Diani, kaunti ya Kwale. Ni msitu mdogo, kama hekta 30 tu, lakini ni wa kale na mtakatifu kwa Wadigo, na tangu 2008 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na kaya (misitu mitakatifu) nyingine za Wamijikenda. Ukiingia unafungwa kaniki, na hutoki hata na jani.

Shida yangu ni mikilifi, yaani mwarobaini, iliyojaa mpakani mwa shamba. Ndege na popo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali, na ukishaota msituni husonga miche ya asili. Tumeikata, ikachipua upya kwenye visiki. Mliowahi kuimaliza, mlifanyaje bila kumwaga sumu?

Pia nataka kuwapandia miti mbega, wale kima wa msituni. Chakula chao hasa ni majani, na wakikosa matawi ya kupitia hushika nyaya za umeme. Kumwona mnyama yule mweusi mwenye mabega meupe amekufa chini ya nguzo kunaniuma sana. Nina miche ya mbambakofi na mkwaju. Niongeze mti gani unaokua haraka, na niachanishe hatua ngapi ili matawi yaje kushikana?