Tupeane uzoefu: wiki za mazoezi mengi kabla ya triathlon ndefu, zilikushinda wapi?

Mwanzisha mada, Mombasa

Wadau, habari za jioni. Nimejiandikisha kwa mbio za masafa kamili kule Gqeberha, Afrika Kusini: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu marathoni nzima ya 42.2. Zimebaki wiki tisa. Kuanzia wiki ijayo ratiba inapanda: saa 13 za mazoezi, kisha 15, kisha 17, halafu wiki moja nyepesi, halafu inapanda tena. Nafundisha sekondari na nina watoto wawili.

Nauliza kwa sababu mwaka jana niliishia hapa hapa. Jumamosi ya wiki ya tatu nilitoka Nyali nikapita Kilifi na kurudi, kilomita 130 kwenye joto la Februari. Jumapili nikakimbia saa mbili na nusu kwa kuwa ratiba ilisema hivyo. Jumatatu koo likaanza kuwasha, Jumatano niko kitandani na homa, na hadi napanda baiskeli tena siku kumi na nane zilikuwa zimepita. Mbio sikwenda. Ada ilipotea, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba mwili ulikuwa umeshaniambia tangu Alhamisi. Mapigo ya moyo ninayopima kabla ya kutoka kitandani yalikuwa 61, na kawaida yangu ni 50. Niliyaona, nikayaandika daftarini, nikavaa viatu nikatoka.

Aliyepitia wiki hizi naomba atuambie alikula nini, alilala saa ngapi, na kilichomwangusha ni kipi. Ratiba ninayo tayari.

Dar es Salaam

Pole sana mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu na masafa hayo nimeyamaliza, ila msimu wa kwanza sikufika hata kwenye mstari wa kuanzia.

Nilikuwa naamka saa tisa na nusu usiku ili saa kumi na moja niwe Barabara ya Bagamoyo kabla daladala hazijajaa. Saa 14 kwa wiki, na kazi ya uhasibu juu yake. Chakula changu kikabaki kile kile cha mtu anayekaa ofisini: chai na chapati moja asubuhi, mchana sahani ndogo ya wali, usiku matunda. Nilitaka kuwa mwepesi. Kilo zikashuka, watu wakanisifu, nikaona niko njiani.

Mwezi wa pili hedhi ikakatika. Niseme ukweli, nilishukuru, nikaona usumbufu mmoja umepungua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hiyo ni taarifa. Mwezi wa nne muundi ukaanza kuuma, kwanza nikikimbia tu, baadaye hata nikipanda ngazi. Daktari niliyemwona, mama mtu mzima, kabla hajashika mguu aliniuliza mara ya mwisho nimeona siku zangu lini. Kipimo kikaonyesha ufa mdogo kwenye mfupa. Akanieleza kwamba nishati ninayoingiza haitoshi mazoezi na uhai kwa pamoja, kwa hiyo mwili ukaanza kuzima yale unayoweza kuyaahirisha: uzazi kwanza, kisha ujenzi wa mifupa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina lake la sasa, RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa wanamichezo, mwaka 2014, na sababu mojawapo ni kwamba hata wanaume huipata. Wao hawana hedhi ya kuwaonya, kwa hiyo kaka zangu muwe macho mkiona usingizi unaruka, hamu ya tendo la ndoa inapotea na mafua hayaishi.

Mwaka uliofuata nilifanya saa zile zile 14, sikupunguza hata moja. Kilichobadilika ni jikoni. Uji wa ulezi na karanga kabla ya kutoka, hata kama ni saa kumi alfajiri na tumbo halitaki. Nikirudi, ndani ya saa moja nakula chakula kamili: viazi vitamu au wali, mayai, maharage. Jumamosi na Jumapili nilikula kama mtu anayelima shamba. Siku zangu zilikuja kila mwezi hadi siku ya mbio, na muundi haukuuma tena.

Jambo la pili ni nyumbani. Tulikubaliana na mume wangu kwamba Ijumaa hakuna mazoezi kabisa, hata ya kunyoosha viungo. Nachukua watoto shule, tunapika pamoja. Ile siku ndiyo iliyonibebea wiki nzima.

Nairobi

Yangu ni fupi. Niliamini maji ndiyo dawa ya joto. Tuliteremka Barabara ya Magadi kutoka Kiserian, na kadiri tulivyoshuka bondeni hewa ikageuka kama ya tanuri. Katika saa sita nilikunywa zaidi ya lita saba za maji matupu. Kichwa kikaanza kugonga, pete ikabana kidoleni, nikahisi kutapika. Nikadhani nimekaukiwa, nikaongeza maji.

Nyumbani nilipanda mizani nikakuta nimezidi uzito wa asubuhi kwa kilo moja na nusu. Maji yalikuwa yamezimua chumvi ya damu. Rafiki yangu muuguzi alinikimbiza hospitali usiku ule, na tangu hapo sijaichukulia mizani kama kitu cha wanaotaka kupungua. Pima kabla na baada, bila nguo. Ukipungua kilo moja, ni kama lita moja ya jasho juu ya ulichokunywa. Ukiongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo linaweza kuua.

Kilifi

Mwalimu, hongera kwa kurudi. Kuhusu chumvi: hapa kwetu ukilalamika joto unapewa dafu. Dafu ni zuri na mimi nalinywa nikirudi, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho linatoa sodiamu. Kwenye chupa ya baiskeli mimi hutia robo kijiko cha chai cha chumvi ya mezani pamoja na ndimu.

Ila nimekuja kusema juu ya bahari, maana ratiba za mitandaoni zimeandikwa na watu wa mabwawa. Ratiba inasema Jumanne ogelea kilomita 3.5. Bahari haijui Jumanne. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na ikifika saa nne asubuhi yamekupwa. Tofauti inapita mita tatu, na maji yote hayo yanatoka kwa kasi. Mimi niliingia kwenye mkono wa bahari hapa saa moja asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nikiwa na uchovu wa saa 15 mwilini. Nilipogeuka kurudi nikapiga mikono dakika arobaini huku naona mnazi ule ule. Mvuvi mmoja wa ngalawa akanishika mkono akanipandisha. Hakunikaripia hata neno moja, alinipa maji tu.

Sasa kuogelea kwangu kurefu nakupanga kwa maji mafu, mkondo ukiwa umelegea, na wiki za bamvua naogelea mara nyingi kidogo kidogo karibu na ufuo. Ratiba ndiyo inayohama, na boya la rangi nalifunga kiunoni kila siku.

Muscat

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi mtu wa Unguja, naishi Oman. Wiki zangu kubwa ziliangukia Ramadhani, na mbio zilikuwa wiki tano baada ya Idi. Nilikosa usingizi kwa hofu. Nikashuka kutoka saa 14 hadi saa 9. Nafuturu kwa tende na supu, tarawehe, kisha saa nne usiku naendesha baiskeli ndani ya nyumba kwa muda wa saa moja na nusu, na ndani yake nakaza kweli mara mbili kwa wiki. Kukimbia ni nusu saa tu kabla ya magharibi, pole pole, ili nikimaliza maji yawe karibu. Daku sikuiacha hata siku moja.

Baada ya Idi nikapanda tena hadi saa 13 kwa wiki mbili, kisha nikaanza kupunguza. Wallahi sikupoteza nilichokuwa nacho. Ule ukazaji mchache uliushikilia mwili. Kijana yeyote anayeogopa kwamba ibada itamharibia mbio, aondoe hofu hiyo.

Bavaria, Ujerumani

Niliingia Roth, mbio za Julai, kuogelea ni kwenye mfereji wa Main-Donau. Nina moja tu. Wiki zile kubwa zitumieni kufundisha tumbo. Mimi nilianza na gramu 40 za wanga kwa saa juu ya baiskeli, nikaongeza kidogo kila Jumamosi hadi 80. Glukosi peke yake hugota karibu gramu 60 kwa saa, ila fruktosi hupita mlango mwingine utumboni, na sukari ya kawaida ya dukani ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo jeli za bei ghali si lazima. Sukari, chumvi, ndimu, maji. Ila jaribuni mazoezini kwanza, siku ya mbio si siku ya kujua tumbo linakataa nini.

Mwanzisha mada, Mombasa

Nimesoma zote mara mbili, na mke wangu amesoma ya dada wa Dar. Ameuliza kwa nini sisi hatuna Ijumaa. Sikuwa na jibu. Tumechagua Alhamisi, kwa sababu Ijumaa nina vipindi vya jioni.

Dada, swali moja. Wiki yangu ya saa 17, kama asubuhi moyo uko 58 au 60, wewe ungeacha zoezi lote au ungelifupisha?

Dar es Salaam

Siku ya kwanza nalifupisha, natembeza baiskeli dakika arobaini bila kukaza. Siku ya pili ukiwa bado juu, naacha lote na nalala. Zoezi lililopita silirudishi Jumapili. Hapo ndipo ulipoumia mwaka jana, mwalimu, hukukubali kuacha kitu nyuma.

Mwanzisha mada, Mombasa

Ni kweli. Nimeshaitoa mbio ndefu kwenye Jumapili ya wiki ya tatu, nimeihamishia Jumatano na kuifupisha, na jumla imekuwa saa 15. Kaka wa Kilifi, wiki hiyo mwezi mpevu unaangukia Jumanne. Nikiingia Nyali saa kumi na mbili kasoro, ndani ya mwamba, nina muda gani kabla maji hayajaanza kunivuta?

Kilifi

Yatakuwa yameshaanza. Jumanne hiyo usiende mbali, zunguka karibu na ufuo nusu saa utoke. Ile ndefu iweke Jumatatu au Jumanne inayofuata, mafu yakiwa yameingia. Nipigie, nitakuja na kayaki nikufuate pembeni.