Corolla ya 1994 inazimika injini ikipata moto, ikipoa inawaka

Mkazi wa Tabata
Ndugu zangu, naomba msaada. Nina Corolla ya mwaka 1994, injini ya 5A-FE inayotumia distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi. Asubuhi inawaka kwa stata ya kwanza, lakini nikikaa nusu saa kwenye foleni ya Buguruni inaanza kumisi, kisha inazimika. Stata inazungusha injini vizuri, ila gari haliwaki mpaka lipoe kwa dakika 20 hivi. Kwa ushauri wa fundi nimekwisha kubadilisha plagi zote 4, waya zake na pampu ya mafuta, na sasa ananiambia ninunue kompyuta ya gari. Nianzie wapi kabla mshahara wote haujaishia Kariakoo?

Fundi Umeme, Temeke
Pole sana. Usinunue kitu kingine mpaka ujue kinachokosekana ni moto, yaani cheche ya plagi, au mafuta, na hilo hujulikana wakati gari limegoma; likishapoa, kila utakachopima utakikuta kizima. Tembea na plagi moja ya akiba. Siku likizimika, chomoa waya mmoja wa plagi, uuchomeke kwenye hiyo ya akiba, uilaze ili chuma chake kigusane na chuma cha injini, kisha mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono, na kama pana harufu ya petroli acha kabisa. Ukiona cheche ya bluu yenye mlio mkavu, moto upo, rudi kwenye mafuta. Ikiwa ni hafifu au haipo, shuku koili, inayokuza umeme wa betri ili plagi zitoe cheche, au ignaita, swichi ya kielektroniki inayoiwasha na kuizima koili: waya mwembamba ulio ndani ya koili ukiwa na mpasuko, joto huzitenganisha ncha zake, na ukipoa zinagusana tena. Mimi naanza na koili, ambayo kwenye distribyuta nyingi za aina hiyo imefichwa humo humo ndani.

Mama wa Kigamboni
Kagua pia kofia ya distribyuta kwa tochi. Yangu ilikuwa na mstari mweusi kama wa penseli kutoka ncha moja hadi nyingine, na moto ulikuwa unapotelea hapo, ingawa gari langu lilisumbua siku za mvua, si likipata joto. Weka alama kwenye waya kabla ya kuzichomoa, maana mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2.

Mkazi wa Tabata
Nashukuruni. Juzi lilizimika karibu na Tazara, nikapima pembeni ya barabara, kijana muuza maji akinipigia stata: hapakuwa na cheche hata moja. Fundi mwingine amepima koili kwa mita. Ikiwa ya baridi ilisoma kawaida. Tulipoipasha kwa mashine ya kukaushia nywele tuliyoazima saluni ya jirani, mita ikasoma kama waya uliokatika. Nimepata distribyuta iliyotumika Gerezani, fundi ameseti upya taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, na jana nimekwenda Mbezi na kurudi bila kuzimika. Pampu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, bado iko kwenye buti.