Vigeuzi viwili vya sauti ya dijitali: tofauti ninayoisikia ni ya kweli?

Swali: Wapenzi wa sauti, kwa wiki mbili nimelinganisha vigeuzi viwili vya daraja la juu, yaani vifaa vinavyogeuza data za muziki kuwa mawimbi ya umeme: kimoja cha ngazi ya rezista (R-2R) na kingine cha delta-sigma, kinachotumia mipigo ya kasi sana badala ya ngazi hiyo. Cha kwanza nakisikia kizito zaidi, hasa gitaa la besi linapoingia. Je, niyaamini masikio yangu?

Jibu 1: Pima volti kwanza. Kimoja kikitoa volti 2.0 na kingine 2.2, tayari kuna tofauti ya takriban desibeli 0.8, ambayo mara nyingi sikio huichukulia kuwa uzito au uwazi badala ya ukubwa wa sauti. Cheza toni ya hezi 1,000, gusisha multimita (kipima umeme) kwenye nyaya za spika, kisha sawazisha hadi tofauti isizidi desibeli 0.1.

Jibu 2: Halafu mwombe mtu abadilishe vifaa bila wewe kuona, mara 16, na kila mara utaje kinachocheza ni kipi. Anayebahatisha tu hupatia 12 au zaidi chini ya mara 4 katika 100. Mimi nilipatia 9, na kile cha bei kubwa nikakirudisha kwenye boksi kimyakimya.

Jibu 3: Tofauti halisi zipo, msimkatishe tamaa. Baadhi ya vigeuzi vya R-2R havina kichujio cha dijitali, hivyo kwenye rekodi ya kilohezi 44.1 (sampuli 44,100 kwa sekunde, kama CD) sauti nyembamba za kilohezi 20 hushuka kwa desibeli 3 hivi. Lakini hilo haligusi besi.

Muulizaji: Nimepima. Cha R-2R kilikuwa juu kwa desibeli 1.2, baada ya kusawazisha, uzito ule siusikii tena.